Miche ya futi tatu ndo inayotuponza

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua itakuwa ndefu, mkiona imezidi punguzeni mnapotaka ila pale kwenye mizizi msiguse maana ndo barua yenyewe.

Mi nina kitalu hapa Dodoma, sio kikubwa, kipo kando ya barabara, nauza mwarobaini, mjohoro, miembe, mipera, ashoki kwa wale wanaotaka fensi, na mgrivea kidogo kwa wanaoulizia. Kilichonifanya niandike ni picha mliyotoa ya kiongozi anapanda mti. Mti wenyewe mzuri kweli kweli, unamfika kifuani, majani yanang'aa, watu nyuma wanapiga makofi. Lakini macho yangu yalienda pembeni ya shimo, kwenye kile kiriba cheusi kilichotupwa pale, yani kifuko cha nailoni cha kuoteshea mche, kadogo kale ka inchi 4 kwa 6, nikamwambia mke wangu huu mti mwezi wa nane haupo. Akaniuliza umekuwa mganga siku hizi? Nikamwambia hapana, nimeona viatu, mtu mzima kavishwa viatu vya mtoto.

Na kabla hamjasema namwonea wivu aliyepata tenda, ngoja niseme la kwangu. Mwaka juzi kuna ofisi (siitaji) walituma kijana kutafuta miche 600, karatasi yake imeandikwa mjohoro na mwarobaini, urefu usipungue futi 3. Niliyokuwa nayo mi ilikuwa futi moja na kidogo, imetulia, shingo (pale shina linapoingia kwenye udongo) nene kama penseli, nimeshaikata mizizi mara tatu, yani tayari kabisa kwenda shambani. Yule kijana akacheka, mzee hii ni miche au mchicha? Sasa kule kwenye kona nilikuwa na kama 150 iliyobaki msimu wa nyuma, haikupata mteja, imekaa kwenye viriba vile vile vidogo mwaka na nusu, imerefuka inaegemeana kama walevi wanatoka kilabuni. Niliitenga pale niitupe nikipata nafasi. Akaiona, uso ukamng'aa, si hii hapa! Na mimi nikanyamaza. Ilikuwa mwezi wa kwanza, ada za watoto, mnajua wenyewe. Nikaiuza yote, tena kwa bei ya juu kuliko ile mizuri, na iliyopungua akaenda kujazia kwa wenzangu.

Mwezi wa kumi nikapita pale walipoipanda. Vijiti vitupu. Mlinzi wa pale akaniambia boza la maji lilikuwa linakuja vizuri tu ila Dodoma hii ardhi haikubali miti. Nikashika kijiti kimoja kwa vidole viwili nikavuta, kikatoka na udongo wake wote, na ule udongo bado una shepu ya kiriba, kama keki imetolewa kwenye sufuria. Miezi nane ardhini na mzizi haujatoka nje hata upana wa kidole. Nikaupukuchua ule udongo taratibu, ndani nikakuta mzizi mkuu umeshuka mpaka chini ukakuta nailoni, ukakata kona, ukazunguka, ukazunguka tena, mizunguko mitatu na kitu, mgumu kama waya, unajinyonga wenyewe. Boza lilikuwa linamwaga maji pembeni ya mti ambao hauna mdomo wa kunywea. Mlinzi akaniangalia anasubiri niseme kitu, nikamwambia ndo hivyo mzee, ardhi ya huku ngumu. Kwahiyo nimenyamaza mara mbili, na hii barua naiandika ili nisinyamaze ya tatu.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe. Watu wengi wanadhani mzizi ni kama nanga tu, kazi yake kushika mti usianguke, na mti wenyewe ni ule unaouona juu. Sio hivyo. Juu na chini ni watu wawili wanakula sahani moja na kila mmoja analetewa chakula na mwenzake. Majani yanatengeneza sukari kwa jua, mzizi hauna jua hauna kitu, unaishi kwa sukari inayoshushwa kutoka juu. Na majani hayana kisima, maji na chumvichumvi za udongo zote zinapandishwa kutoka chini. Na sio chakula tu, wanatumiana na taarifa pia, kwenye ncha za machipukizi kunatengenezwa homoni inaitwa oksini inashuka inachochea mizizi mipya itoke, na kwenye ncha za mizizi kunatengenezwa nyingine inaitwa saitokinini inapanda inachochea machipukizi. Kwahiyo ukiharibu ncha za mizizi umekata simu, na juu kunadumaa hata kama maji yapo.

Alafu mti una akili ya matumizi kuliko sisi, yani sukari yake anaipeleka pale penye shida. Akikosa mwanga, anaongeza juu, anarefuka alitafute jua. Akikosa maji au naitrojeni, anaongeza chini, anatuma mizizi ikatafute. Ukimpa kila kitu, maji asubuhi na jioni, kivuli na urea, hana sababu ya kuhangaika na chini, atajenga ghorofa juu bila msingi. Na hiyo ndo miche mnayoipenda, mimi naitengeneza kwa wiki chache tu mkitaka, namwagilia kila siku, natia kijiko cha urea, naisogeza chini ya neti ya kivuli tena naibana bega kwa bega. Hapo kwenye kubana kuna kitu wengi hawakijui, mche unaweza kujua kama una jirani, mwanga ukigonga majani ya jirani ukarudi unakuwa umebadilika rangi, sisi macho yetu hayauoni huo mwanga lakini mche unaupima, na ukishajua pana watu karibu unaanza kukimbilia juu usifunikwe. Kwahiyo kitalu kilichobanwa kinatoa miche mirefu, myembamba, kijani cha kuvutia, na mteja anatoa hela anashukuru.

Ukitaka kuamini kwamba chini ndo kunaanza, loweka maharage usiku yafunge kwenye kitambaa kibichi, siku ya pili ya tatu fungua, kinachotokeza kwanza ni kamkia keupe. Huo ni mzizi. Jani bado halijawaza kutoka. Kila mbegu ya mti ninayopanda ni hivyo hivyo, na miti ya huku kwetu kwenye ukame inazidisha, mgunga uliojiotea wenyewe porini ukiuona juu una kimo cha kidole, chimba taratibu, chini umeshuka mara kadhaa ya hapo, unawahi maji ya chini kabla jua halijakausha ya juu.

Lakini mwalimu mkubwa kwenye hili ni mninga. Mi nimekulia Urambo, Tabora, kwenye misitu ya miombo, na tukiwa wadogo tulikuwa tunaviona vimninga vidogo vinaota mvua zikianza, vina majani yake mazuri, kiangazi vinakauka kabisa, moto unapita, tunasema vimekufa. Mvua zikirudi, pale pale, kachipukizi kengine. Mwaka unaofuata tena. Marehemu baba alituambia msivikanyage hivyo havijafa, na siku moja akachimba kimoja kwa jembe kutuonyesha, juu kalikuwa na kijiti kama njiti ya kiberiti, chini kuna mzizi mnene kama kifundo cha mkono wangu wa mtoto, umeshuka mpaka jembe likashindwa. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba mninga ndo ulivyo, shina lake la utoto linakufa kila kiangazi, miaka inaweza kwenda mpaka 10 na zaidi, na muda wote huo sukari yote ya kila masika inawekwa benki chini. Siku akiba ikitosha, shina linatoka kwa kasi, linapita kimo ambacho moto wa nyasi unaua, na kuanzia hapo haligeuki nyuma. Ile mbao mnayotengenezea milango na vitanda ilianza maisha kwa kukataa urefu miaka kumi. Ingekuwa mninga unapimwa na yule kijana wa tenda ungetupwa siku ya kwanza.

Watu wa mitiki hili wanalijua zamani, wale wa mashamba ya miti ya Longuza kule Muheza na ya Mtibwa. Mtiki unaweza kupandwa bila majani kabisa. Mche unakuzwa kwenye tuta mpaka shingo inafika unene wa sentimita moja hadi mbili, unang'olewa, shina linakatwa linabaki kama sentimita 2 tu, mizizi ya pembeni inanyolewa, mzizi mkuu unaachwa sentimita 15 mpaka 20, basi umebaki na kitu kama karoti nyembamba. Unabeba mia kwenye gunia bichi. Shambani unatoboa shimo kwa mtaimbo, unachomeka, unakandamiza na kisigino, mvua ikinyesha kinachipua. Mjohoro nao unakubali hivyo hivyo. Mtu asiyejua akikuona unapanda vile atasema umechanganyikiwa, mbona majani yote umetupa, lakini akiba iko ndani ya kile kimzizi na majani ya kupoteza maji hayapo, kwahiyo kinaanza na hesabu iliyonyooka.

Hapa niseme kitu ili mtu asiende kuharibu, sio kila mti unakatwa kichwa. Paini hii inayopandwa Mufindi ukiikata juu yote imekufa, haina akiba chini ya kuchipulia kama mtiki, mizizi yake mipya inategemea sukari ya majani yaliyopo leo. Na paini ina jambo lake jingine, mizizi yake inashirikiana na kuvu, ukiipanda kwenye udongo mgeni usio na ile kuvu inakuwa ya njano inadumaa, ndo maana wenye vitalu wanachanganya udongo uliochotwa chini ya mipaini mikubwa. Na hii kuvu iko kwenye mizizi hiyo hiyo ambayo mtu hataki kuiangalia.

Na mwembe una zamu. Umeona mwembe ukitoa majani yale mekundu mororo yananing'inia kama nguo mbichi? Wakati ule sukari inaenda juu na mizizi inapunguza mwendo, majani yakishakomaa yakawa kijani kigumu ndo mizizi inapokea zamu inakua, alafu juu tena. Wateja wangu wengi wanachagua mwembe wenye majani mekundu wanasema huu una afya unachipua. Ukiuhamisha siku hiyo umeukuta hauna mtu wa kufanya kazi chini, na yale majani mororo ndo yanapoteza maji haraka. Mi namwambia mteja chukua huyu aliyetulia au njoo baada ya wiki tatu, wengine wananielewa wengine wanaenda kwa jirani.

Kitaluni kazi kubwa ni kuuzuia mche usitudanganye. Kuna siku ya kupandikiza, unaitoa miche midogo kwenye tuta ikiwa na majani mawili unaingiza kwenye viriba, na hapo ndo uharibifu wa kwanza unafanyika, kijana amechoka, tundu amelitoboa fupi kwa kijiti, mzizi haujashuka wote anausukuma tu, unakunjwa kama ndoano. Hautanyooka tena maisha yake yote. Mti unaweza kukua hivyo miaka mitatu minne, siku ya upepo unalala, watu wanasema upepo ulikuwa mkali. Mi vijana wangu nawaambia tundu liwe refu kuliko mzizi, ingiza mpaka chini alafu vuta juu kidogo unyooke, ndo ukandamize.

Baadae mzizi ukifika chini ya kiriba unatokea kwenye matundu unaingia ardhini. Hapo mche unakunywa kwenye ardhi ya kitalu sio kwenye kiriba, unastawi kweli, na mwenye kitalu mvivu anafurahi. Siku mteja anakuja unanyanyua kiriba unasikia tap, umekata mzizi mkuu, na saa sita mchana majani yote yamelala. Dawa yake ni kuwahi. Kila wiki tatu hivi, nne zikizidi, tunanyanyua kiriba kimoja kimoja tunakata kilichotokeza chini kwa wembe au kisu kikali, tunamwagilia vizuri siku hiyo. Mche unashtuka kidogo, siku mbili unanyong'onyea, juu unasimama kukua, wakati huo ndani ya kiriba inatoka mizizi midogo midogo ya pembeni, mingi, ndo hiyo inayokunywa. Kwahiyo mche uliokatwa mizizi mara tatu unakuwa mfupi. Ule ufupi ndo risiti ya kazi iliyofanyika, na ndo ule niliochekewa.

Alafu mwezi mmoja au mwezi na nusu kabla ya kuuza tunaifundisha shida. Tunaondoa kivuli taratibu, maji tunapunguza, kutoka kila siku inaenda kuruka siku moja, inaenda kuruka siku mbili, tunaitenganisha upepo upite kati. Upepo nao ni mwalimu, shina likitikiswa tikiswa linanenepa na mizizi inaongezeka, ndo maana mti uliofungwa kwenye nguzo ukabanwa kama mfungwa unakuwa mwembamba na siku ukifunguliwa hauwezi kusimama. Majani yanakuwa madogo, magumu, rangi yake sio ile ya kung'aa, yana uchovu kidogo. Hayo majani yenye uchovu ndo yatapona Dodoma.

Wataalam wa vitalu wana hesabu rahisi ambayo natamani ingebandikwa kwenye kila ofisi inayonunua miti. Pima urefu wa mche kwa sentimita, pima unene wa shingo, pale shina linapoingia kwenye udongo, kwa milimita, gawanya. Jibu likizidi 6 mche huo ni mrefu wa bure. Ile mifupi yangu ilikuwa na sentimita 38 hivi na shingo ya milimita 7, inakuja 5 na kitu. Ile niliyouza ya futi 3 ni sentimita 91, shingo milimita 5, inakuja 18. Kumi na nane! Mtu mmoja kasomea kabisa mambo ya ununuzi, kasaini. Huna kipimo cha milimita, chukua penseli ya mtoto wa shule, ni kama milimita 7, ilinganishe na shingo ya mche. Na chini wanasema ukiutoa mche ukaukausha, uzito wa mizizi uwe angalau nusu ya uzito wa juu au ulingane nao, hiyo ya kukausha hatuwezi kufanya sokoni ila unaweza kununua mche mmoja wa ziada, uchane kiriba kwa wembe pale pale mbele ya muuzaji, uangalie. Mizizi myeupe myembamba imesambaa kama ndevu, nunua yote. Mzizi mmoja mnene unazunguka, shukuru ondoka. Ile hela ya mche mmoja uliouchana ndo bima yako.

Kuhusu muda wa kupanda nitasema kwa kifupi maana hapa naweza kugombana na watu. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na kwa Dar, Tanga na Pwani ni sawa, masika ndo inashika. Sisi Dodoma mvua inaanza Desemba na Aprili hiyo hiyo inakata, mwaka mzima tunapata kama milimita 550 mpaka 600. Sasa mche ukipandwa tarehe 1 Aprili huku una wiki mbili tatu za udongo mbichi kutoa mizizi nje ya lile bonge lake, baada ya hapo ni miezi saba nane ya jua. Mche wenye mizizi iliyokatwa vizuri unatoa mipya haraka ukikuta udongo mbichi, ule wa mizunguko hata ukipewa miezi mitatu hautoki. Mi nasema huku tupande mwezi wa kwanza mapema, Aprili tufanye sherehe ya kuhesabu iliyoshika, na makofi yapigwe hapo.

Najua kuna agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na wenzetu Kenya nao wanataka bilioni 15 ifikapo 2032, mpaka Novemba 13 mwaka 2023 walipewa siku ya mapumziko wapande. Sipingi. Ila namba kubwa ndo inaleta miche ya haraka. Milioni 1.5 ukiipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ni karibu hekta 940, kila mwaka, kila halmashauri, ingekuwa inashika hii nchi tungekuwa tunatembea na tochi mchana. Wenye vitalu sio wajinga, tunazalisha kile karatasi ya tenda inachosema. Karatasi ikisema futi 3 tutaleta futi 3, tutarefusha kwa kivuli na urea, na kiriba kidogo maana kiriba kikubwa kinakula udongo, kinakula samadi, na lori linabeba kidogo. Ikiandikwa shingo isipungue milimita 6, mche usizidi mara mbili ya kimo cha kiriba chake, mizizi iwe imekatwa, iwe imezoeshwa jua mwezi mzima, na kwamba mkaguzi atachana viriba kumi bila kuchagua, tutaleta hiyo. Tutalalamika wiki moja, bei itapanda kidogo, alafu tutaleta.

Na kwa mtu wa kawaida mwenye shimo moja nyumbani, ukishapanda usimwagilie kikombe kila jioni. Maji ya juu juu yanaweka mizizi juu juu, siku umesafiri kwenda msibani umerudi mti umekufa. Mwaga ndoo nzima taratibu mara mbili kwa wiki mpaka ishuke, alafu kadri miezi inaenda uchelewe kidogo kidogo, mzizi uufuate unyevu unavyoshuka. Na ukiona miezi miwili ya mwanzo mti haukui juu, umesimama tu kama umenuna, muache. Usiutie urea kwa hasira. Kuna mama mmoja hapa mtaani alikuja kunidai hela yake mwezi wa tatu, mwarobaini wake hauongezeki hata jani, nikamuomba avumilie mpaka mwezi wa sita nikamuahidi kumrudishia hela. Hakuja mwezi wa sita. Nilipita kwake Desemba mwaka ule ule, mti umempita kichwa, kuku wamejaa chini yake.

Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Ile sehemu mliyopiga picha mnaijua, na mti aliopanda kiongozi mnaujua. Mwezi wa kumi mtumeni tena mpiga picha pale pale asimame pale aliposimama, apige. Na kama itabidi kuufukua kuangalia chini, mnipigie simu, nitakuja na wembe wangu, na safari hii nitaongea.

Mwenye kitalu,
Dodoma